Kutembea, mazoezi ya nguvu, tai chi au ngoma: kumchagulia mzee zoezi la miguu na akili kwa mpigo

Mzee akianza kuyumba, ushauri anaopewa na karibu kila mtu ni mmoja: atembee. Si ushauri mbaya, ila mara nyingi unakosa shabaha. Mtazame mama wa miaka 72 anaposhuka daladala. Mkono mmoja umeshika bomba, wa pili una mfuko wa nyanya, konda anamharakisha, bodaboda inajipenyeza kushoto kati ya gari na ukingo wa barabara, na mguu wake bado unatafuta ardhi. Mama huyu anaweza kuzunguka ua wa nyumba yake asubuhi nzima bila kuyumba hata mara moja, na bado asiwe salama pale kituoni. Kinachomshinda si kutembea. Ni kutembea huku akili imeshikwa na jambo jingine.

Kwa hiyo nalinganisha mazoezi haya kwa kipimo hicho hicho: je, yanamsaidia mzee kubaki imara miguuni akili inapogawanyika? Nitaje msimamo wangu mapema. Kwa wazee wengi naona kunyanyuka kitini na kutembea kwa mdundo wa ngoma, vikifanywa pamoja, kunazidi kutembea kwenyewe. Lakini mzee mmoja si sawa na mwingine, na ndiyo sababu ya kupima kwanza kabla ya kuchagua.

Kwa nini mazungumzo yanamsimamisha mtu

Kijana hafikirii anapotembea. Miguu inajiendea, akili inabaki huru kujibu simu au kutafuta chenji. Umri unapokwenda, macho hupungua, nyayo hazihisi ardhi kama zamani (zaidi kwa mwenye kisukari kilichomletea ganzi), sikio la ndani linalosimamia uimara wa mwili huchoka, na misuli ya mapaja hupungua. Ubongo unalazimika kusimamia kila hatua, na sehemu yake ya mbele, ile inayopanga na kuamua, inaingizwa kwenye kazi ambayo zamani haikuihusu. Ukimwongezea mtu huyo kazi ya pili, kazi mbili zinagombea nafasi moja.

Mwaka 1997 Lillemor Lundin-Olsson na wenzake wa Umeå, Uswidi, walichapisha utafiti mfupi katika jarida la Lancet. Walitembea na wazee 58 wa makazi ya wazee na kuanzisha mazungumzo njiani. Wazee 12 walisimama ili wajibu. Ndani ya miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walikuwa wameanguka. Wapo pia walioanguka miongoni mwa wale waliojibu bila kusimama, kwa hiyo kuongea huku unatembea si kinga kamili. Lakini kusimama ni dalili nzito.

Kwetu dalili hii inataka uangalifu. Ukimpa mzee shikamoo barabarani akasimama kuitikia, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa wenu, hiyo ni adabu, haina uhusiano na miguu. Usimpime kwa salamu. Tembea naye bega kwa bega mahali tulivu, mkiwa mmeshaamkiana, na baada ya hatua kadhaa umuulize kitu kinachohitaji kufikiri kidogo: "Mama, leo mchana tupike nini?" Angalia miguu yake, si jibu lake.

Na akisimama, usimkataze. Kusimama ili ajibu ndivyo mwili unavyojilinda. Wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoleta kutetemeka na kukakamaa, wana tabia ya kuendelea na mazungumzo na kuacha miguu ijitegemee, na hilo ni la hatari zaidi. Wao hufundishwa kufanya jambo moja kwa wakati.

Vipimo viwili vya nyumbani

Cha kwanza ni cha miguu peke yake. Chukua kiti cha kawaida cha mezani, kiegemeze ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, asimame wima na kuketi tena, mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Kwa kipimo kinachotumiwa na CDC, kituo cha taifa cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefika mara 10, au mwanaume wa umri huo asiyefika mara 12, yuko chini ya wastani. Anayelazimika kujisukuma kwa mikono anahesabiwa sifuri.

Kwa Waislamu kuna ishara nyingine iliyo wazi ndani ya nyumba. Mama aliyekuwa akisali chini na sasa anasali kitini, muulize kwa upole sababu. Huenda ni goti, huenda ni mgongo, na huenda ni paja lisiloweza tena kumwinua kutoka kwenye sijda. Sababu hiyo ya mwisho hurekebishika.

Kipimo cha pili kinaunganisha miguu na akili. Aanze ameketi, asimame, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, aketi. Sekunde 12 au zaidi ni ishara ya hatari ya kuanguka. Kisha arudie huku anafanya kazi ya kichwa. Vitabu vingi vinataka ahesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu, lakini bibi ambaye hakukaa shule ataona unamtahini. Mwambie ataje samaki wote anaowajua, au vituo vya basi kutoka kwake hadi mjini, au wajukuu kwa kufuatana kuzaliwa. Kupunguza mwendo kidogo ni kawaida, hata vijana hupunguza. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni akisimama kabisa, akigusa ukuta, au akiyumba wakati wa kugeuka. Wewe kaa karibu naye muda wote, upande wake na nyuma kidogo.

Sasa unajua tatizo liko wapi: miguuni, kwenye kugawa akili, au pande zote mbili.

Kutembea

Faida yake kwa ubongo ni ya kweli. Mwaka 1999 Arthur Kramer na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya watu 124 wa miaka 60 hadi 75 waliokuwa hawafanyi mazoezi. Kundi moja lilitembea, jingine lilinyoosha viungo, kwa miezi 6. Waliotembea walipata nafuu katika kazi za kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine na kupuuza vinavyovuruga, yaani uwezo ule ule unaohitajika kituoni. Mwaka 2011 utafiti wa watu 120 ulioongozwa na Kirk Erickson ulionyesha kwamba waliotembea kwa mwaka mzima, hadi dakika 40 mara 3 kwa wiki, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu iliongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 2, wakati kwa wenzao ilisinyaa.

Ila kuzuia kuanguka ni jambo jingine. Uchambuzi wa mwaka 2019 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio 108 yenye zaidi ya watu 23,000, haukupata ushahidi wa kutosha kwamba kutembea peke yake kunapunguza kuanguka. Huko Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, wanawake waliowahi kuvunjika mkono walihimizwa kutembea kwa kasi, na wakaanguka zaidi ya wenzao. Sioni ajabu. Ukimtoa nje mtu ambaye hajaimarika, umemwongezea nafasi za kujikwaa, hasa kwenye njia zetu zenye mitaro isiyofunikwa.

Kwa moyo, presha, sukari na usingizi, kutembea hakuna mpinzani, na hakuna gharama. Kwa mzee aliyefaulu vipimo vyote viwili, aanze nako leo. Kwa aliyeshindwa cha kiti, kutembea kusubiri wiki kadhaa.

Mazoezi ya nguvu

Hapa ndipo naona wazee wananyimwa haki yao. Watu wakisikia uzito wanawaza vijana wa gym, na mzee anaambiwa apumzike, asijichoshe. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake wa Boston waliwapa wazee dhaifu 10 wa umri wa miaka kama 90, waishio kwenye makazi ya kutunzwa, mazoezi ya uzito mkubwa ya mapaja kwa wiki 8. Waliomaliza waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174. Mwaka 1994 walirudia kwa wazee 100 kwa wiki 10: nguvu ikapanda kwa asilimia 113 na mwendo wa kutembea ukaongezeka kwa karibu asilimia 12. Miaka 90 haikuwa kizuizi.

Je, nguvu inasaidia akili kugawanyika? Kwa sehemu kubwa inasaidia kwa njia ya kuzunguka. Paja lenye nguvu halihitaji kusimamiwa sana, kwa hiyo akili inapata nafasi ya kuangalia bodaboda. Lakini kuna ushahidi wa moja kwa moja pia: huko Vancouver, Kanada, mwaka 2010, utafiti wa wanawake 155 wa miaka 65 hadi 75 ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi ya uzito mara 1 au 2 kwa wiki kwa mwaka mzima waliboresha uwezo wa kuelekeza akili kwenye jambo moja na kupuuza kinachoingilia.

Nyumbani hakuhitajiki mashine. Zoezi mama ni lile la kipimo, kunyanyuka kitini. Asiyeweza aanze na mto juu ya kiti ili kiwe kirefu, na mikono imsaidie. Akizoea, mto uondolewe. Akizoea tena, akumbatie chupa ya maji ya lita 1, kisha ya lita 2. Mfuko mdogo ulioshonwa kwa kipande cha kitenge na kujazwa mchanga wa kilo moja unafungwa kifundoni, mzee akiwa ameketi anaunyoosha mguu polepole na kuurudisha polepole. Kusimama kwa vidole vya miguu huku ameshika meza nako kuna faida. Kinachosahaulika ni kuongeza uzito kadiri wiki zinavyokwenda. Mzee anayefanya zoezi lile lile kwa uzito ule ule tangu Ramadhani hadi Krismasi amebaki pale pale. Na asizuie pumzi anaponyanyuka, kwa sababu presha hupanda ghafla.

Tai chi

Hii ni sanaa ya Kichina ya miondoko ya polepole, ambapo uzito wa mwili unahamishwa kutoka mguu mmoja kwenda mwingine huku kiwiliwili kinageuka. Katika Oregon, Marekani, Fuzhong Li na wenzake waliwafuatilia watu 670 wa miaka 70 na kuendelea waliowahi kuanguka au waliokuwa na shida ya kutembea, na matokeo yakatoka mwaka 2018. Baada ya wiki 24 za madarasa mawili kwa wiki, walioshika tai chi iliyotengenezwa kwa ajili ya wazee walianguka kwa asilimia 58 chini ya walionyoosha viungo, na asilimia 31 chini ya waliofanya mchanganyiko wa mazoezi mengine. Kwa kuzuia kuanguka, haya ni matokeo mazuri sana.

Tatizo ni mwalimu. Mijini anaweza kupatikana, kwingineko ni vigumu, na kumwekea mzee video kwenye simu sikupendi: anainamisha shingo kutazama kioo kidogo huku amesimama mguu mmoja. Ukimpata mwalimu wa kweli, na mzee wako ni mtu wa utulivu asiyependa kelele, chagua hii bila kusita. Inamfaa pia aliyekwisha kuanguka akabaki na hofu, maana hakuna haraka ndani yake.

Ngoma na mdundo

Mwanzoni mwa karne ya 20 mwalimu wa muziki wa Uswisi, Émile Jaques-Dalcroze, alibuni namna ya kufundisha muziki kwa mwili mzima: mwanafunzi anatembea, kinanda kinapigwa, na muziki ukibadilika hatua nazo zinabadilika. Karibu miaka 100 baadaye, Geneva, Andrea Trombetti na wenzake waliipeleka njia hiyo kwa watu 134 wenye zaidi ya miaka 65 waliokuwa katika hatari ya kuanguka. Saa 1 tu kwa wiki, miezi 6. Kulingana na matokeo yaliyotoka mwaka 2011, hatua zao zilitulia zaidi hata walipokuwa wanatembea huku wanafanya kazi nyingine, na kuanguka kulipungua kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na waliokuwa wakisubiri zamu yao.

Kilichowasaidia, kwa maoni yangu, ni mabadiliko. Kinanda kikiharakisha, uharakishe. Kikinyamaza, usimame. Noti fulani ikisikika, ugeuke. Sikio, kumbukumbu na mguu vinafanya kazi pamoja, na kwa vile ni muziki mtu hajioni yuko hospitali.

Pwani yetu haina haja ya kuazima kinanda. Chukua vugo: wanawake wanatembea kwa msafara wa harusi, wanaimba, na mkononi wanagonga pembe ya nyati kwa kijiti. Hatua, wimbo na mkono, mambo matatu kwa mpigo, na akina bibi walilifanya tangu usichana wao. Lelemama nayo, pamoja na utulivu wake, inadai mstari usivunjike na mikono ifuate wimbo. Bara kila kabila lina lake. Mzee aliyecheza ujanani ana hazina mwilini ya kuanzia, na ukimwalika kwa ngoma ya kwao atakuja hata siku ambayo angekataa "mazoezi".

Namna ya kufanya nyumbani: mjukuu apige ngoma, au ndoo ya plastiki. Mzee atembee ukumbini kwa mdundo, mkeka na zulia vimekunjwa pembeni. Ngoma ikikatika, asimame. Mapigo mawili ya haraka, ageuke. Baada ya wiki chache aongeze kuimba, kisha abebe kikombe cha plastiki chenye maji nusu. Chai ya moto hapana.

Tahadhari moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 wa watu 469 wa Bronx, New York, waliopita miaka 75, uligundua kwamba miongoni mwa shughuli za mwili ni kucheza dansi tu kulikoambatana na hatari ndogo ya kupoteza akili uzeeni. Unatajwa sana. Lakini ulikuwa wa kuwafuatilia watu, si wa kuwagawia mazoezi, na inawezekana wenye akili timamu ndio walioendelea kucheza. Uchambuzi wa Cochrane nao haukuridhika na ushahidi wa dansi peke yake katika kuzuia kuanguka. Ndiyo maana siiachi ngoma isimame bila mazoezi ya nguvu. Uchambuzi huo huo uliona kwamba programu zinazochanganya uimara wa mwili na nguvu za misuli hupunguza kuanguka kwa asilimia 34 hivi.

Mazoezi ya mambo mawili yaliyopangwa

Huu ni mtindo wa wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi: tembea huku unahesabu, simama mguu mmoja huku unataja majina. Katika jaribio dogo la wazee 23 wenye shida ya uimara, lililochapishwa mwaka 2009 na Patima Silsupadol na wenzake, mazoezi yalikuwa dakika 45, mara 3 kwa wiki, wiki 4. Waliofanya kazi mbili kwa pamoja walipata nafuu ya kutembea na kazi mbili, jambo ambalo waliofanya zoezi moja moja hawakulipata. Na waliodumu na faida hiyo hadi wiki ya 12 ni wale walioelekezwa kubadilisha umakini: raundi hii weka akili miguuni, raundi inayofuata weka akili kwenye hesabu.

Maelekezo hayo unaweza kuyahamishia kwenye ngoma yako ya ukumbini. "Sasa bibi sikiliza hatua zako." Halafu: "Sasa uimbe vizuri, miguu iende yenyewe." Usimwanzishie haya mzee ambaye bado anayumba akitembea kimya kimya.

Michezo ya kompyuta nitaitaja kwa ufupi. Mwaka 2013 watu wa miaka 60 hadi 85 walicheza mchezo wa kuendesha gari uitwao NeuroRacer kwa jumla ya saa 12 ndani ya mwezi, wakawapita vijana wa miaka 20 ambao hawakuucheza kabla. Ni matokeo ya kupendeza, lakini yamepatikana mtu ameketi. Bao kadhalika: akili inachemka, miguu imekunjwa. Acha mzee acheze bao lake kwa raha yake, ila asilihesabu kama zoezi la barabarani.

Ningechagua hivi

Aliyeshindwa kipimo cha kiti: nguvu kwanza, siku 3 kwa wiki zisizofuatana, miezi 2 hadi 3, ndipo mdundo uingie.

Aliyefaulu kiti lakini akasimama au kuyumba alipotaja samaki: mdundo tangu wiki ya kwanza, nguvu ikiendelea pembeni. Kumwongezea huyu kilomita za kutembea peke yake hakutagusa shida yake.

Aliyeshindwa vyote: kiti na mikono imeshika, karibu na mtu, na kama uwezo upo amwone mtaalamu wa fiziotherapia mara chache za mwanzo.

Aliyefaulu vyote: atembee, acheze, abebe, apande ngazi. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 za shughuli za mwili za nguvu ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya uimara na nguvu siku 3 au zaidi, na mzee mwenye shamba na mifugo huenda amekwisha kufika kabla hujamshauri.

Kandambili zivuliwe kabla ya zoezi lolote, avae kiatu kilichoshika kisigino.

Kabla ya yote hayo, wapo wa kupelekwa kwa daktari kwanza. Anayepata kizunguzungu kila anaposimama, anayebanwa kifua, ambaye kutembea kwake kumeharibika ndani ya siku au wiki chache, ambaye haoni vizuri kwa mtoto wa jicho. Aliyelegea upande mmoja ghafla au mdomo ukapinda asisubiri hata saa, apelekwe hospitali hapo hapo. Dawa zake zote ziwekwe kwenye mfuko mmoja aende nazo, za presha, za usingizi, za kununua dukani na za mitishamba, ili daktari aone ipi inamlevya mzee na ipi inaweza kupunguzwa.